Dada, Inawaka Taa?

Nauza midoli Kariakoo tangu mwaka 2013, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, inawaka taa?" La pili ni "Inaimba?" Bei huja ya tatu. Umri wa mtoto huuliza mimi, na mteja mara nyingi hunijibu kwa kiganja, anakishusha mpaka usawa wa kiuno chake na kusema, "Wa hivi," kana kwamba nauza suruali.

Simcheki mtu. Nilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza kitufe. Meza yangu ilikuwa Mtaa wa Kongo, kati ya muuza soksi na kijana wa makava ya simu. Mzigo nilichukua kwa mali kauli: asubuhi napewa katoni, jioni napeleka hela ya kilichouzwa na kurudisha kilichobaki. Katika zogo lile kitu kisicho na sauti hakiuziki. Ukiliweka chini gari la polisi lenye king'ora, likazunguka, likagonga mguu wa mpita njia na kugeuka lenyewe, huna haja ya kusema neno. Betri za kuonyeshea zilikuwa za mfukoni mwangu na zilikula faida kuliko nauli ya Mbagala.

Misimu ilikuwa miwili: siku tatu za mwisho kabla ya Idi, na Desemba kuanzia tarehe 15 hivi. Wakati wa Idi watoto hujinunulia wenyewe, kwa mkono wa Idi waliopewa na wajomba na majirani. Miwani ya plastiki, filimbi, bastola za maji. Mtoto mwenye elfu mbili yake hakusumbui. Anajua alichofuata, akikipata anaondoka mbio. Desemba ndiyo ngumu, kwa sababu hapo anachagua mtu mzima, na mtu mzima akichagua mdoli huwa anawaza sana wageni watakaokuwepo mdoli ukifunguliwa.

Kitu kilichonipa faida kubwa miaka ile ni kompyuta ya kuchezea, ya pinki au ya bluu. Ukibonyeza herufi inaitamka, ukibonyeza picha ya ng'ombe inalia kama ng'ombe. Kiwandani ilitoka pamoja na vinanda vya watoto, plastiki ile ile, spika ile ile. Kinanda niliuza elfu saba, kompyuta elfu kumi na nane, maana juu ya boksi kulikuwa na neno la kwamba inafundisha. Mzazi akishaambiwa kitu ni cha elimu, haombi sana kupunguziwa. Anaona aibu.

Alikuwepo mwalimu wa chekechea kutoka Ilala, mama mtu mzima, aliyekuja kwangu kila mwanzo wa muhula kuchukua mipira na chaki za rangi. Siku moja aliinyanyua ile kompyuta, akabonyeza E. Ikasema "ii". Akabonyeza I, ikasema "ai". Akabonyeza A, ikasema "ei".

"Umesikia, mwanangu?"

Nikasema nimesikia, inasoma vizuri.

"Mtoto wetu ukimwambia 'ii' anaandika nini?"

Nikafikiri kidogo. Anaandika i.

"Basi huyo anakuja kwangu akiwa na miaka mitano, namwandikia e ubaoni, ananisomea i. Namwandikia a, ananiambia ei. Mwezi mzima nang'oa kwanza, ndipo nianze kupanda."

Nilijitetea kwamba Kiingereza ni muhimu siku hizi. Akasema Kiingereza asome, nani kakataa, ila aanze na sauti za mdomo wake. Kisha, amesimama pale pale kwenye jua huku wateja wakimpita, akanipa somo ambalo sikuwahi kulipata shuleni kwa uwazi ule. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti moja tu, haibadiliki popote uikutapo. Mtoto akizishika hizo tano, ukampa b, anapata ba, be, bi, bo, bu; ukampa t, anapata nyingine tano. Kwa miezi michache anasoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Watoto wengi duniani hawana njia ya mkato kama hiyo. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza mwaka 2015, uliegemea hapo hapo, kwenye sauti ya herufi. "Sasa wewe," akaniambia, "unauza kitu cha kuziba njia hiyo, tena kwa elfu kumi na nane."

Ningependa kusema niliacha kuziuza siku hiyo. Sikuacha, nilikuwa na dazeni mbili stoo. Nilichofanya ni kuanza kumuuliza mteja mtoto anasoma wapi. Akisema shule ya Kiswahili, nambonyezea E na I asikie mwenyewe. Wengine walicheka wakairudisha mezani. Wengine walisema, "Nipe hiyo hiyo."

Kilichonibadilisha hasa hakikuwa mwalimu. Mwezi wa sita 2016 binti wa dada yangu alitimiza miaka miwili. Nilimpelekea kifimbo chenye nyota juu, ukikitikisa kinawaka nyekundu, kijani na bluu. Kwangu kiliuzwa elfu mbili na mia tano, na kilikuwa kinakwenda sana mwaka ule. Kilitumia betri tatu za saa, zile bapa za duara kama vifungo vya shati. Kifuniko chake hakikuwa na skrubu. Ulikisukuma kwa ukucha, kinatoka.

Siku kama nne baadaye mtoto alianza kutoka makamasi upande mmoja. Dada akampa dawa ya mafua. Kesho yake makamasi yakawa na weusi na harufu, na mtoto hataki kuguswa uso. Walifika hospitali jioni. Daktari alimulika kwa tochi, akasema kuna kitu, akaagiza eksirei. Mimi nilifika wakati picha imeshatoka. Palikuwa na duara jeupe, na ndani yake, karibu na ukingo, duara jingine jembamba. "Sarafu ingeonekana duara moja," daktari akatuambia. "Hii ni betri." Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakaitoa.

Nilidhani hatari ya betri ni sumu iliyomo ndani. Daktari alinieleza kwamba betri inaweza kuwa nzima, haijapasuka, na bado ikaunguza. Ikigusa nyama yenye unyevu umeme hupita, na pale ulipopita unyevu hugeuka kitu kikali kama kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Hata betri iliyoshindwa kuwasha mdoli bado ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Puani huunguza ukuta wa kati. Ikimezwa ikakwama kwenye koo la chakula, madhara makubwa huanza ndani ya masaa mawili, na hapo ni kukimbilia hospitali, bila kumtapisha mtoto wala kusubiri itoke yenyewe chooni. Tulikuwa na bahati ya kuwa ni pua. Alilisema hilo neno, bahati, huku akiandika.

Dada hakunilaumu. Wiki iliyofuata alinirudishia kile kifimbo ndani ya mfuko wa rambo. Nilipokifungua nikakuta betri mbili. Hakuzitupa. Alitaka nizihesabu.

Usiku huo nilimwaga katoni zangu zote sakafuni, kwani kufikia wakati huo nilikuwa na mzigo wangu mwenyewe, na kwa bisibisi ndogo ya fundi simu nikaanza kupitia kimoja kimoja. Penye betri za saa na kifuniko kisicho na skrubu, upande huu. Wanasesere niliwavuta macho. Macho ya watano yalinibaki mkononi. Nilikuwa nimeuza midoli miaka mitatu bila kujua kile kiduara chekundu chenye uso wa mtoto, namba 0-3 na mstari uliokatiza kina maana gani. Nilidhani ni nembo ya kiwanda. Maana yake ni kwamba mtoto chini ya miaka mitatu asipewe, mara nyingi kwa sababu kuna kipande anachoweza kukimeza. Viwandani hupima kwa kibomba chenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote humo ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Mimi natumia lile boksi la mviringo linalobaki tishu ya chooni inapoisha. Ni pana kidogo kuliko kibomba chao, kwa hiyo linakataa vingi zaidi, na sioni ubaya. Gololi inapita. Komwe za bao zinapita. Kuna na sumaku ndogo zinazong'aa, ambazo siuzi kabisa, kwa mtoto wa umri wowote. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti zinavutana tumboni na kubana utumbo katikati. Na puto, ambalo hakuna birthday isiyokuwa nalo: likipasuka okota vipande kabla hujaendelea kuimba.

Bosi wa stoo ya jumla aliponiona nakagua mzigo kabla ya kupokea akasema, "Wewe dada unachagua midoli kama unachagua mchele." Alikuwa na haki ya kukasirika, nilikuwa namrudishia karibu theluthi. Mauzo yangu ya Desemba ile yalikuwa mabaya kuliko yote.

Mwalimu wa Ilala ndiye aliyenipa wazo la mbao. Chuoni walifundishwa habari za Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, na vifaa alivyowatengenezea aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya uzi, kila mmoja na rangi yake. Ya tatu ni mchemraba wa mbao uliogawanyika katika vimchemraba vinane sawasawa. Basi. Mtoto anaubomoa, anaujenga, anagundua kwamba nusu mbili ni kitu kizima. "Nenda Keko," mwalimu akaniambia. "Mafundi wanachoma mabaki."

Keko nilimpata fundi wa vitanda. Nilimpa vipimo: upana sentimita 4, unene 4, urefu wa 4, wa 8 na wa 16, ili viwili vidogo viwe sawa na kimoja cha kati, na vya kati viwili sawa na kirefu. Kidogo kabisa hakiingii kwenye boksi la tishu. Katoni ya kwanza ilikuwa ya aibu. Alikuwa amekata kwa jicho, kama anavyokata mabanzi. Ukipanga vidogo viwili kando ya cha kati, kimoja kimezidi milimita tatu. Ukifika ghorofa ya tano mnara unalala. Nilimrudishia. Akashangaa, "Dada, si vya watoto?" Nikamwambia vya watoto ndiyo vinataka kipimo. Mtu mzima kiti kikicheza anaweka karatasi chini ya mguu, lakini mtoto mnara ukianguka kila mara anadhani kosa ni lake, anaacha.

Mbao zenyewe nazo zina mambo. Mninga ni mzuri wa rangi lakini mzito, na mtoto wa miaka miwili hurusha; tukahamia paini. Paini nayo kuna iliyotiwa dawa ya mchwa kwa ajili ya kupaua, yenye rangi ya kijani kijani. Hiyo usimpe mtoto hata kama ni ya bure, maana baadhi ya dawa hizo zina aseniki na mtoto lazima atatia mdomoni. Hatukupaka vanishi. Msasa mara mbili, kisha mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa.

Nilipovipanga mezani, vipande arobaini ndani ya mfuko wa kitenge, elfu thelathini na tano, mteja wa kwanza aliniuliza kama siku hizi nauza na kuni. Wiki mbili sikuuza hata mfuko mmoja. Kwa hasira nikampelekea binti wa dada. Dada aliukagua mfuko mzima, akajaribu hata kung'oa kona za mbao kwa meno, kisha akamwachia. Mwaka ule mabasi ya mwendokasi yalikuwa mapya mjini, na yule mtoto, ambaye alikuwa hajajua hata kuhesabu mpaka kumi, alipanga virefu kwa mstari sakafuni akavipa jina la mwendokasi. Vidogo walikuwa abiria. Abiria walikuwa wengi kuliko nafasi, akawa anawasukuma. Nilitazama mchezo ule mpaka chai ikapoa.

Sasa nazichukia pia zile kauli za wanaosema mbao ndiyo nzuri na plastiki ndiyo mbaya. Nimeona mdoli wa mbao wenye rangi inayobanduka kwa kucha, na nimeona ndoo ya plastiki ya elfu moja iliyochezewa miaka minne. Wala sina ugomvi na umeme. Mwaka 2023, mgao ulipokaza, zawadi niliyouza kuliko zote kwa watoto wa miaka sita na kuendelea ilikuwa tochi. Tochi ya kawaida, ya betri kubwa, kifuniko cha kukaza. Mtoto anatengeneza mbwa kwa vidole ukutani, anasogeza mkono anaona mbwa anakua, anaurudisha anaona anapungua. Hiyo ni fizikia anayofundishwa baadaye kwa maneno mengi. Na mteja akiniuliza inawaka taa, namjibu hiyo ndiyo kazi yake.

Jambo jingine lilinichukua muda kulijua: zawadi huingia kwenye nyumba, na nyumba ina ukubwa wake. Nilimuuzia mama mmoja wa Manzese puzo, ile picha iliyokatwa ya kupanga upya, ya vipande mia tano. Akairudisha, si kwa hasira, akaniambia, "Dada, chumba ni kimoja. Saa tatu usiku pale chini tunatandika godoro. Nikifagia kila siku wataimaliza lini?" Tangu hapo nauliza mnakaaje. Baiskeli kwa mtoto anayekaa ghorofa ya nne, ngoma kwa mtoto ambaye mama yake anafanya kazi zamu ya usiku, gari la rimoti linalokula betri nne kwa wiki kwenye nyumba ambako hela hiyo ni ya mboga: hapo umempa mama kazi, na mtoto umempa kitu cha kulilia. Wenye mapacha au watoto watatu wananielewa upesi zaidi. Ukimletea mmoja, umeleta vita.

Puzo ninayoipenda mimi haitoki kontena. Unanunua ramani ya Tanzania ya ukutani, unaibandika kwenye ubao wa plaiwudi, fundi anaikata kwa msumeno mwembamba kufuata mipaka ya mikoa. Baadaye nilijifunza kwamba puzo za mwanzo kabisa zilikuwa hivyo hivyo: mchonga ramani wa London, John Spilsbury, katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya mbao akazikata kwa mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Yangu ya kwanza ilinitia aibu. Niliokota ramani ya zamani dukani kwa bei poa, nikauza puzo kwa baba mmoja wa Njombe. Kesho yake akanipigia: mwanawe ametafuta Njombe usiku kucha haipo. Ramani ilikuwa ya kabla ya 2012. Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa, na Geita, Katavi na Simiyu nazo hazikuwepo. Songwe ndiyo usiseme, hiyo ni ya 2016. Nilimwambia arudishe nimpe hela yake. Akakataa. Mtoto alikuwa ameshachukua kalamu, anagawa mwenyewe.

Mwishoni mwa 2021, machinga tulipopangwa upya, nilihama barabarani. Sasa nina theluthi ya fremu ya duka, tumepanga watatu. Siku za likizo binti wa dada huja kunisaidia. Yuko darasa la tano. Akipata mafua tundu la kulia huziba kabla ya la kushoto. Bisibisi ndogo ni yake sasa. Mzigo ukifika anakaa juu ya katoni, anafungua vifuniko vya betri kimoja kimoja, na visivyo na skrubu anavirushia kapuni bila kuniuliza.

Desemba iliyopita alikuja kaka mmoja, amevaa vizuri, anataka zawadi ya mtoto wa rafiki yake. Akaona gari dogo lenye magurudumu yanayochomoka.

"Hili linawaka taa?"

"Linawaka," binti akamjibu. "Mtoto ana umri gani, anko?"

"Mwaka na nusu."

"Hili bado. Gurudumu linatoka, na analimeza." Akamwonyesha, akalipitisha kwenye boksi la tishu, likadondoka upande wa pili. Akamsogezea mfuko wa kitenge.

Kaka akacheka, akasema tumefunzwa kuuza siku hizi. Akaangalia zile mbao, akaangalia saa, akatoka. Tukamwona anaingia fremu ya tatu kutoka kwetu na kutoka na gari lile lile, la rangi nyingine, limefungwa karatasi ya zawadi.

"Si ungemwita, ma'mdogo," binti akaniambia.

"Ningemwambia nini ambacho hujamwambia?"

Hakunijibu. Alichukua lile boksi la tishu, akalirudisha kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akavuta katoni iliyofuata.